Kupanda milima ya majirani ukitokea Mwanza

Mtu wa Mwanza akitajiwa safari ya nje anawaza ndege, na akitajiwa mlima anawaza Kilimanjaro. Hebu tandaza ramani. Musanze, mji wa Rwanda ulio chini ya volkano za Virunga, uko karibu nasi kuliko Dar es Salaam. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula nusu ya asubuhi haipo tena. Mtanzania haombi viza kuingia Rwanda, Uganda wala Kenya, na kwenye mageti ya hifadhi zao raia wa Afrika Mashariki kwa kawaida hulipa pungufu ya anavyolipa mgeni wa Ulaya. Kinachobaki ni kupanga, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Wananunua koti kwanza, wanaanza kuulizia pasipoti wiki ya mwisho.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: tafuta kwanza tarehe utakayokuwa mlimani, kisha hesabu kurudi nyuma. Kila hatua hapa chini ina muda wake.

Chagua mlima kwa siku za likizo

Urefu wa mlima unavutia kusimulia, ila siku ndizo zinazoamua. Kama mwajiri amekupa wiki moja, nenda Bisoke. Una mita 3,711, unapanda na kushuka siku moja, na kileleni kuna ziwa ndani ya kreta. Karisimbi, jirani yake, una mita 4,507 na unachukua siku mbili, usiku mmoja kwenye hema. Yote miwili inaanzia ofisi za hifadhi zilizoko Kinigi, juu kidogo ya Musanze.

Upande wa Uganda kuna Sabyinyo, wenye mita 3,645. Unapandwa kutokea hifadhi ya Mgahinga karibu na Kisoro, na kilele chake ndipo zinapokutana Uganda, Rwanda na Kongo. Kuna sehemu unapanda kwa ngazi za miti, kwa hiyo mwenye kizunguzungu cha urefu aufikirie mara mbili. Elgon, wenye kilele cha Wagagai mita 4,321, unataka kama siku nne. Mlima Kenya hadi Lenana, mita 4,985, unataka kati ya tatu na tano. Rwenzori ni habari nyingine kabisa: kilele cha Margherita kina mita 5,109, cha tatu kwa urefu Afrika, na kukifikia ni wiki nzima au zaidi ya matope, baridi na barafu. Usianze na huo. Nimewaona watu wazima wenye vifua vya kuogelea hadi Saanane wakilia kwenye matope ya Rwenzori.

Nyiragongo, ule wa Goma, uache mpaka usalama wa upande ule utengemae. Hata uambiwe na nani kwamba njia iko wazi.

Miezi mizuri ni Juni hadi mwanzoni mwa Septemba, na Desemba hadi Februari. Machi hadi Mei usijisumbue, labda unapenda kuteleza.

Hati: hapa anza miezi mitatu kabla

Maombi ya pasipoti unajaza kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, unalipia kwa namba ya malipo unayopewa, kisha unakwenda ofisini na fomu, picha, cheti cha kuzaliwa, uthibitisho wa uraia wa mzazi, na kitambulisho au namba ya NIDA. Ukifika wanachukua alama za vidole.

Kinachochelewesha watu wa kwetu mara nyingi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Ng'wandu, NIDA wameandika Mwandu, cheti cha shule kina Mwando. Kwa Msukuma yeyote hilo ni jina moja, kwa ofisa anayelinganisha karatasi hao ni watu watatu. Kabla hujalipa chochote, zipange karatasi zako zote mezani na usome jina herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, ulizia mapema kama kiapo cha mahakamani kinatosha au unahitaji hati ya kubadili jina. Na kama pasipoti unayo, angalia imebakiza muda gani. Ikiwa haifiki miezi sita, ibadilishe. Pasipoti ikishindikana kwa wakati, Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya safari, ambayo wengi huitumia kwenye mipaka ya majirani.

Chanjo ya homa ya manjano nayo ina kalenda yake. Kinga inahesabika siku ya kumi baada ya sindano, kwa hiyo ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, kadi yako mpakani ni karatasi tu. Uganda wanaidai. Hata ukipita kule bila kuulizwa, unaporudi nyumbani kutoka Uganda au Kenya, maofisa wa afya wa kwetu wanayo haki ya kukuuliza. Habari njema ni kwamba tangu 2016 kadi hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha, hata kama imeandikwa miaka kumi. Anzia kuulizia ofisi ya afya ya uwanja wa ndege au hospitali ya mkoa, Sekou Toure. Na usikubali kadi ya kununua bila sindano. Virusi havisomi kadi.

Bima: kadi unayotumia Bugando haitakusaidia Musanze. Ukinunua bima ya safari, soma ile sehemu ya maandishi madogo inayotaja urefu. Nyingi zinakomea mita fulani, na kampuni haitalipia kukutoa mita 4,500 kama mkataba unasema 3,000.

Miguu: mji wetu wenyewe ni uwanja wa mazoezi

Wiki nane zinatosha kwa mtu mzima asiye na maradhi. Huhitaji jimu. Mwanza ina vilima vya mawe kila upande: Mabatini, Igogo, Bugarika, Kitangiri, na zile njia za ngazi zinazopita kati ya nyumba na mawe. Anza na mara tatu kwa wiki, bila mzigo, dakika arobaini za kupanda na kushuka. Wiki ya tatu weka begi mgongoni na dumu la lita tano la maji ndani yake. Hizo ni kilo tano kamili. Wiki ya tano weka madumu mawili.

Ukifika juu, mwaga maji ya dumu moja kabla ya kushuka ili magoti yapumzike. Au usimwage. Huko vilimani maji yanapanda kwa mabega ya watu, na mama yeyote uliyempita akiwa na ndoo atayapokea kwa shukrani. Ukifanya hivyo wiki mbili mtaa mzima utakuwa unakujua na kukuuliza kesho unakuja saa ngapi. Lakini mara moja kwa wiki shuka na mzigo wote, taratibu. Watu hujiandaa kwa kupanda tu, na Bisoke huwaadhibu kwenye kushuka: mapaja yanatetemeka, unakaa chini kwenye matope, unashuka kwa makalio mbele ya wazee wa kizungu wenye miaka sabini.

Jumapili moja moja tembea masaa matano au sita bila kusimama sana, hata tambarare, ili ujue nyayo zako zinachubuka wapi. Mahali panapochubuka hapa ndipo patakapochubuka kule.

Vifaa: Mlango Mmoja kabla ya duka lolote

Vifaa vizuri vya mlimani vinapatikana kwenye mitumba ya soko la Mlango Mmoja, kwa bei ambayo mtu wa Ulaya akiisikia atahuzunika. Lakini lazima ujue unachokagua.

Anza na buti. Buti la mtumba linaweza kuonekana jipya kabisa, ngozi inang'aa, kamba zake zote zipo, kumbe limekufa ndani. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la kati la soli lililotengenezwa kwa poliuretani, na hilo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Likioza linameguka kama mkate mkavu. Jamaa mmoja tuliyepanda naye Bisoke alikuwa na buti la namna hiyo, la jina kubwa, bei ya kutupa. Tulipofika kwenye tope la kwanza soli ya kulia ikabaki nyuma. Nusu saa baadaye ya kushoto ikafuata. Alimaliza siku akiwa amefunga viatu kwa kamba ya manila aliyokuwa nayo mbeba mizigo.

Kwa hiyo: shika buti kwa mikono miwili, likunje kwa nguvu katikati, na uangalie pembeni ya soli. Ukiona nyufa ndogondogo, rudisha. Bonyeza tabaka la kati kwa ukucha wa kidole gumba. Likiacha shimo lisilorudi au unga kidogo, rudisha. Muuzaji atakuambia ni imara, ni Mjerumani. Mshukuru, uende meza inayofuata. Buti likipita vipimo hivyo, lipeleke kwa fundi viatu akushonee soli kuzunguka kwa uzi wa nailoni, hata kama halijaachia popote. Kisha liloweke kwenye beseni la maji saa nzima, livae likiwa limelowa, upande nalo Bugarika. Gundi mbovu itajulikana siku hiyo, ukiwa na daladala karibu.

Chukua kiatu kinachoacha nafasi ya kidole kimoja nyuma ya kisigino ukivaa soksi nene. Wakati wa kushuka vidole vinasukumwa mbele, na kiatu kinachobana kitakutoa kucha.

Nguo sasa. Usukumani ni nchi ya pamba, mpaka timu ya mpira tumeipa jina hilo, ila mlimani pamba iache nyumbani. Ikilowa jasho au mvua haikauki, na juu ya mita 3,000 fulana iliyolowa inakuibia joto lote la mwili. Suruali ya jinzi ndiyo mbaya kupita zote. Soma kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani ya kola: poliesta, nailoni au sufu, chukua. Kwa koti la nje, weka mdomo kwenye kitambaa na upulize. Pumzi ikipita kwa urahisi, upepo nao utapita. Usinunue nguo yoyote yenye mabaka ya kijeshi, hata kama ndiyo koti zuri kuliko yote mezani. Uganda raia haruhusiwi kuivaa, na hata hapa kwetu itakuletea maswali.

Vingine vya kufungasha:

- suruali ndefu nyepesi na soksi ndefu za kuvutwa juu yake, pamoja na glovu za ujenzi kutoka duka la vifaa, kwa sababu njia za Virunga zimejaa majani yanayowasha;
- kofia ya sufu;
- tochi ya kichwani na betri za akiba;
- kwa wa Rwenzori, buti za mpira ndefu. Ndizo zinazovaliwa kwenye mabwawa yale, na vifaa vya barafu utakodi hukohuko.

Mifuko ya plastiki usibebe. Rwanda waliipiga marufuku mwaka 2008, sisi wenyewe tukafuata Juni 2019, na mpakani Rusumo begi linaweza kufunguliwa kwa ajili hiyo tu. Fundi wa maturubai atakushonea mfuko wa kukunja mdomo, nguo zako zikae kavu humo.

Chakula cha njiani hakihitaji kuwa cha pakiti za duka kubwa. Matobolwa ndiyo yaliyowalisha wazee wetu safarini: viazi vitamu vimeshachemshwa na kukaushwa, havihitaji moto, vyepesi, haviharibiki. Changanya na karanga za kukaanga. Dagaa wakavu nao wana nguvu, ila mwenzako wa hema ana haki ya kupinga.

Njia na mpaka

Kwenda Rwanda unapandia Nyegezi, unavuka daraja, unapita Sengerema, Geita, Katoro, Lusahunga na Benako hadi Rusumo, pale Mto Kagera unapoporomoka chini ya daraja. Kigali unashukia Nyabugogo, na magari ya Musanze yanatoka hapohapo, mwendo wa kama saa mbili.

Kwenda Rwenzori mimi napendelea meli ya usiku ya Bukoba: unalala, unafika umepumzika, unaendelea Mutukula. Ukishaingia Uganda si lazima ufike Kampala. Shukia Masaka, shika gari la Mbarara, kisha Kasese. Wengi wanapoteza siku nzima kwenye foleni za Kampala bila sababu. Wa Elgon na Mlima Kenya wanaanzia Nyamhongolo kuelekea Sirari.

Mipaka hii mitatu ni vituo vya pamoja. Yaani kutoka Tanzania na kuingia kule unagongewa kwenye jengo moja, la upande unaoingia. Basi la kwetu linapitiliza geti la Tanzania na mgeni anaanza kupata wasiwasi. Tulia, ndivyo ilivyo. Tatizo linatokea ndani ya jengo. Dirisha la kwanza ni la kutoka, la pili ni la kuingia, na mtu akishagongewa la kwanza anakimbilia basi. Fungua pasipoti, hesabu mihuri miwili ya siku hiyo, ndipo utoke.

Kuna pia kipimo cha joto la mwili. Mapema mwaka 2025 tulikuwa na mlipuko wa Marburg Biharamulo, Rwanda walikuwa nao mwaka uliotangulia, Uganda walikuwa na Ebola. Mwenye homa anawekwa pembeni. Kama umeamka na homa, pima malaria Mwanza kabla ya kupanda basi, usisubiri kujieleza mpakani.

Rwanda wako nyuma yetu kwa saa moja, na magari yao yanapita kulia. La pili angalia unapovuka barabara. La kwanza angalia kwenye miadi: watu wa hifadhi wakikuambia Kinigi saa moja asubuhi, kwa saa ya Mwanza ni saa mbili. Uganda na Kenya saa ni ileile.

Pesa, simu, na yule wa nyumbani

Pesa badilisha kiasi kidogo mpakani, za nauli na chakula, nyingine dukani Kigali au Kampala. Kabla hujafika jua kiwango cha siku hiyo, na usihesabu noti huku mtu anakusemesha. Ukibeba dola, ziwe noti mpya zisizo na mkunjo wala maandishi. Za zamani watazikataa. Laini ya simu utasajili kwa pasipoti. Ndege ndogo za kupigia picha ziache nyumbani, zinataka vibali.

Ada za hifadhi lipia kwa njia rasmi za hifadhi yenyewe au kwa wakala aliyesajiliwa, na pasipoti iwe mkononi, kwani ndiyo ushahidi wa wewe kuwa raia wa Afrika Mashariki. Mbeba mizigo mchukue hata kama unajiona na nguvu. Ni ajira ya watu wa pale, na yeye ndiye atakayekushika mkono kwenye tope. Kiswahili kitakufikisha sehemu nyingi, wala usikisitiri: mara nyingi bei hushuka ukianza nacho.

Mwachie mtu mmoja nyumbani picha ya pasipoti yako, jina la mlima, tarehe ya kupanda na ya kushuka, na namba ya hifadhi. Mwambie pia ni baada ya saa ngapi za ukimya aanze kupiga. Mama mzazi si chaguo zuri kwa kazi hii, ataanza kupiga umefika Geita.

Ukiwa juu

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hatuendi tukiwa watu wa pwani kabisa, lakini mwili haujui tofauti hiyo mbele ya Karisimbi, ambako unalala karibu mita 3,700. Lala Musanze angalau usiku mmoja kabla. Kwenye milima ya siku nyingi, ukivuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku ya tatu au ya nne pumzika. Tembea mwendo ambao unaweza kuzungumza. Kunywa maji hata bila kiu. Pombe ngoja ushuke.

Kichwa kuuma, kichefuchefu, chakula kukataa: hiyo ni dalili ya urefu, na jibu lake ni kutopanda zaidi mpaka iishe. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, au kukosa pumzi akiwa amekaa, ashushwe saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama kilele kinaonekana. Usimpe dawa ya kichwa ukasema asubuhi tutaona. Kuna dawa ya kuzuia, asetazolamidi, ila iulizie kwa daktari kabla ya safari, hasa kama mwili wako unakataa dawa za salfa.

Kurudi

Osha buti kabla ya kufunga begi, tope likikauka linapasua ngozi. Kadi ya njano iweke pamoja na pasipoti, usiizike chini ya nguo chafu. Ukitokea Rwanda kumbuka saa inarudi mbele: kama gari lako linaondoka Benako saa nne, kwa saa ya Kigali ni saa tatu, na kutoka Rusumo bado kuna mwendo. Mihuri hesabu tena miwili. Na acha siku moja ya likizo kabla ya kurudi kazini, maana ngazi za ofisini siku ya kwanza utazishuka ukiwa umeshika ukuta.